Mfa Maji Haulizwi Pasipoti

Kutoka Loliondo hadi baharini ni mwendo wa mamia ya kilomita. Huku kuna nyanda na vilima, kuna ng'ombe na vumbi, na wako wazee wengi ambao hawajapata kuona wimbi likipasuka ufukoni. Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia ana haki ya kuuliza: mtu anayefanya kazi Loliondo ana lipi la kusema juu ya watu wanaovuka bahari? Jibu letu ni kwamba Loliondo ni mpakani, na mpaka, uwe wa nchi kavu au wa maji, una somo moja. Akaaye mpakani hujifunza mapema kwamba mtu huja kwanza, na karatasi zake huja baadaye.

Mstari unaotutenga na Kenya ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, waliogawana nyasi ambazo hawakuwahi kuzikanyaga. Ukoo mmoja ukagawanywa. Ndugu huyu akawa raia wa huku, na ndugu yule akawa raia wa kule. Tangu hapo, ukame unapozidi upande mmoja, wachungaji na mifugo yao huvuka kwenda upande wa pili kutafuta maji na malisho. Na mwaka 2011, kijiji chetu cha Samunge kilipovuma kwa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, maelfu ya watu walimiminika kutoka pembe nyingi za nchi na kutoka Kenya. Hatuingii hapa katika mjadala juu ya dawa ile. Twakumbusha tu kwamba hatukumsikia mtu hata mmoja akidai kuwa mgonjwa aliyezidiwa katika foleni anyimwe maji mpaka aonyeshe hati yake ya safari.

Liko pia lililo chungu zaidi. Mwezi Juni 2022, wakati wa kuweka mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 lililogombaniwa kwa miaka mingi hapa Loliondo, askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wananchi walijeruhiwa, na wako waliovuka kwenda Kenya kutafuta tiba na mahali pa kujisitiri. Kada wa Chama hapendi kuyaandika haya. Lakini kalamu isemayo nusu ya kweli haifai kitu. Majeruhi wale walitibiwa na jirani, na jirani kwa kuwatibu hakututukana wala hakutufanyia uadui.

Basi, ikiwa hivyo ndivyo mambo yalivyo nyikani, ambako aliyekwama aweza japo kukaa chini ya mti akangoja msaada, itakuwaje baharini ambako hapana mti?

Sheria ya mataifa imelijibu swali hili tangu zamani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ulimwajibisha kila nahodha kumsaidia mtu yeyote akutwaye baharini katika hatari ya kupotea, hata akiwa adui, maadamu kwa kufanya hivyo hakitii chombo chake na watu wake katika hatari kubwa. Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 ukaushikilia wajibu huo. Mkataba wa Hamburg wa mwaka 1979, unaohusu utafutaji na uokoaji, ukazitwika mzigo serikali zenyewe, ukatamka kwamba msaada utolewe bila ya kuangalia uraia wa mtu, hadhi yake, wala hali aliyokutwa nayo. Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, nchini Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Kifungu chake cha 98 kinaitaka kila nchi imlazimishe nahodha wa chombo chenye bendera yake kuwaokoa walio hatarini, na kinaitaka kila nchi ya pwani iweke huduma ya kutosha ya uokoaji.

Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1985, na katika kazi yake hatukuwa watazamaji. Ndugu Joseph Sinde Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mwaka 1996, na Jaji James Kateka akaingia katika mahakama hiyo mwaka 2005. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu, yasiyotuhusu. Saini yetu imo, na majaji wetu wamekaa katika baraza lake.

Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilionekana mbele ya dunia nzima mwezi Agosti 2001. Meli ya mizigo ya Norway, iitwayo Tampa, iliwaokoa watu zaidi ya 430, wengi wao Waafghanistan, ambao chombo chao kilikuwa kikizama katika Bahari ya Hindi. Nahodha alitimiza wajibu wake. Lakini alipotaka kuwashusha, Australia ilimkatalia na ikapeleka askari melini. Nahodha aliyefanya wema akageuzwa kama mkosaji, na waliookolewa wakafanywa mpira wa kupigwa huku na huku, hata wakaishia Nauru na New Zealand. Kwa funzo hilo mikataba ikarekebishwa mwaka 2004, na marekebisho yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Sasa serikali yenye dhamana ya uokoaji katika eneo husika inawajibika kusimamia mpango wa kuwafikisha waliookolewa mahali pa usalama, ili nahodha apate kuendelea na safari yake pasipo kucheleweshwa isivyo lazima.

Ukiacha wajibu wa kuokoa, uko wajibu wa pili: kutomrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Huo ndio moyo wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Na Afrika ilikwenda mbele zaidi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanywa Addis Ababa mwaka 1969 ulimhesabu kuwa mkimbizi hata yule anayekimbia vurugu kubwa zilizovunja amani ya nchi yake. Mkataba huo ukakataza kumfukuza mtu wa namna hiyo hapo mpakani, na ukasema waziwazi kwamba kumpa hifadhi ni tendo la amani na utu, ambalo nchi aliyotoka haipaswi kulihesabu kuwa ni uadui.

Wako waliodhani kwamba sheria hiyo inakoma ufukoni. Mwezi Mei 2009 vyombo vya serikali ya Italia viliwakamata katika bahari kuu watu wapatao 200 waliotoka Libya, vikawarudisha Tripoli bila ya kumwuliza yeyote kati yao anakimbia nini. Wasomali 11 na Waeritrea 13 miongoni mwao wakashtaki. Tarehe 23 Februari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Italia imevunja sheria: mtu akishapandishwa katika meli ya serikali, yumo mikononi mwa serikali hiyo, na haki zake zimo pamoja naye, hata kama nchi kavu iko mbali. Tukumbuke kwamba walioipatia dunia hukumu hiyo ni watu wa upande wetu wa Afrika.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kupelekwa Tripoli ili wayaelewe haya. Baada ya machafuko ya mwishoni mwa Januari 2001, yaliyogharimu maisha ya watu Unguja na Pemba, wananchi zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari kwa mashua na majahazi hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Hawakuwa na viza. Wengine walikuwa na watoto migongoni na nguo walizozivaa tu. Kenya iliwapa hifadhi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likawahudumia. Mwezi Oktoba mwaka huohuo vyama vya CCM na CUF vikatiliana saini Muafaka, na wengi wa wale waliovuka wakarejea makwao. Mwaka huo mmoja, basi, bahari moja ya Hindi ilishuhudia mambo mawili: taifa tajiri likiwazuia watu 430 wasishuke melini, na kijiji cha wavuvi kikiwapokea watu 2,000.

Twaitaja Shimoni kwa makusudi. Aliyepokelewa jana hana udhuru wa kufunga mlango leo. Na leo, ndugu wasomaji, sisi ndio Shimoni.

Tazama ramani. Vijana wa Ethiopia na Somalia hupita nchini mwetu wakielekea Afrika Kusini. Wengine huletwa kwa malori. Wengine hushushwa usiku katika bandari bubu za mwambao wetu. Mwezi Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma, na mwezi huohuo wengine walizama Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Upande wa kusini-mashariki kuna Komoro. Tangu Ufaransa ilipoweka viza mwezi Januari 1995 kwa Mkomoro anayetaka kwenda Mayotte, mkono wa bahari wa kilomita zipatazo 70 baina ya Nzwani na kisiwa hicho umekuwa kaburi. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu 7,000 hadi 10,000 waliokwisha kupotea humo. Kabla ya viza ile, mtu alikwenda Mayotte kumzika shangazi yake akarudi. Baada yake, kwenda kumzika shangazi kukawa kosa la jinai. Siku hizi njia hiyo imerefuka. Wakongo, Warundi na Wasomali nao wanaifuata, na baadhi yao huanzia katika mwambao huu wa Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 2024 mashua mbili zilizobeba Wasomali zilikutwa zikielea katika maji ya Madagaska. Zaidi ya watu 20 walikuwa wamekwisha kufa. Walionusurika waliokolewa na wavuvi.

Waliokolewa na wavuvi. Neno hilo lisipite hivihivi. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi na watu wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwafikia wahanga. Siku zote mwokoaji wa kwanza ni mtu wa ngalawa na dau, na mikataba yote tuliyoitaja huishia kutegemea uamuzi wake yeye, alfajiri, akiwa peke yake na nyavu zake. Iwapo anajua kwamba akimwokoa mgeni atashukuriwa, ataokoa. Iwapo anaogopa kwamba chombo chake kitazuiliwa miezi mitatu na yeye mwenyewe ataitwa mshirika wa magendo, huenda akageuza tanga, na hapo hakuna mkataba utakaomfaa mfa maji.

Hapa hatuna budi kulisahihisha neno moja ambalo limezoeleka mno maofisini na magazetini, gazeti hili likiwamo. Twasema “wahamiaji haramu”. Aliyekaa mkekani chuoni anajua kwamba haramu ni sifa ya tendo au ya kitu. Wizi ni haramu, riba ni haramu, nyamafu ni haramu. Binadamu hawi haramu. Isitoshe, dini hiyohiyo iliyotufundisha neno hilo imemtengea msafiri aliyekwama njiani fungu lake katika zaka. Na ahadi ya kwanza kabisa tuliyofundishwa katika Chama iliwataja binadamu wote kuwa ndugu zetu, wala haikuongeza “isipokuwa wasio na pasipoti”. Neno baya huzaa tendo baya. Ofisa aliyekwisha kumwita mtu haramu haoni ajabu kumlaza sakafuni miezi sita.

Tunajua watakalosema wapinzani wa hoja hii, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Watasema kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Ni kweli, na sheria ya mataifa haikumpa mtu haki ya kuingia na kukaa popote apendapo. Watasema kwamba miongoni mwa wasafiri huweza kujificha wahalifu. Ni kweli pia. Watasema kwamba Tanzania imekwisha kubeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hilo nalo ni kweli: Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi, na Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 walipewa uraia wetu mwaka 2014. Hata sisi tumepata kuchoka. Mwezi Desemba 1996 tuliwarudisha Wanyarwanda kwa haraka iliyotuletea lawama, na lawama ile haikukosa sababu.

Lakini hoja hizo zote ni za baada ya kuokoa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe akiwa bado majini. Mpangilio ndio sheria yenyewe: kwanza anyanyuliwe kutoka majini, pili apewe maji, nguo na tabibu, tatu aulizwe yeye ni nani, anatoka wapi na anaogopa nini akirudishwa, na mwisho ndipo serikali iamue, kwa mujibu wa sheria, kama atabaki au atarudi. Anayeanza na swali la mwisho ameua kwanza, kisha amehukumu.

Itifaki ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji kwa magendo imeweka wazi nani ni nani katika jambo hili. Mkosaji ni yule anayewauza wenzake safari ya kifo. Msafiri hashtakiwi kwa sababu tu ya kuwa bidhaa ya biashara ile. Kweli, itifaki haikuifutia serikali sheria zake za uhamiaji. Lakini nao Mkataba wa 1951 unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ya kibali, iwapo ametoka moja kwa moja hatarini na akajitokeza mapema kwa wenye mamlaka. Nasi tumekuwa tukifanya nini? Mara nyingi vijana waliouzwa ndio wanaojazwa magerezani kwa gharama ya mlipa kodi wetu, ilhali aliyewauza amekwisha kuhesabu fedha zake na kuagiza shehena nyingine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne kwa serikali zetu mbili.

Kwanza, itolewe amri ya wazi, isomwe madikoni na katika ofisi za masheha na za vijiji vya mwambao, kwamba mvuvi aliyeokoa watu na kutoa taarifa hatakamatwa wala chombo chake hakitazuiliwa, na kwamba mafuta aliyotumia na siku aliyopoteza atafidiwa. Fidia hiyo ni ndogo kuliko gharama ya doria moja.

Pili, uokoaji upewe vifaa. Kituo cha kanda cha uokoaji kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006, na tunazo taasisi za kuratibu kazi hiyo Bara na Zanzibar. Lakini taarifa haimtoi mtu majini. KMKM na Polisi Wanamaji wapatiwe boti ziendazo kasi na mafuta ya kudumu, na wavuvi wapatiwe redio na wafundishwe kutumia chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito wa hatari duniani kote.

Tatu, kila mtu aliyeshushwa kutoka baharini asikilizwe katika lugha anayoielewa, iwe Kiamhari, Kisomali au Kifaransa, kabla ya uamuzi wowote juu yake. Anayeomba hifadhi apelekwe kwa wahusika chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Anayetaka kurudi kwao arudishwe kwa heshima. Gereza liachiwe mawakala, na Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara ya binadamu itumike juu ya vigogo wao, si juu ya utingo peke yake.

Nne, Tanzania, Kenya, Komoro, Msumbiji na Madagaska zikubaliane kwa maandishi nani ataokoa wapi na waliookolewa watashushwa wapi. Tusingoje Tampa yetu wenyewe ndipo tuanze kupigiana simu usiku.

Katika Bahari ya Kati watu zaidi ya 30,000 wamekufa au kupotea tangu mwaka 2014, mbele ya mataifa yenye meli na ndege kuliko sisi. Hawakukosa vifaa wala mikataba. Walilokosa ni nia, na nia hainunuliwi kwa mkopo. Kwa hilo, mvuvi wa Nungwi au Vanga hana la kuonea haya mbele ya waziri yeyote wa Ulaya.

Huku Loliondo usiku ni wa baridi, na mara nyingine mtu hufika bomani gizani, hajulikani ni wa upande upi wa mpaka. Mbwa hubweka, mwenye boma hutoka, kisha hufungua. Maswali huulizwa asubuhi, na huulizwa kwelikweli. Twawaomba maofisa wetu wa pwani na visiwani wasifanye zaidi ya hapo, wala pungufu yake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi watu wa nchi hii tumekwisha kunyolewa mara moja, mwaka 2001, tukajua ladha ya kubisha hodi ufukweni mwa watu.